Hatari Imeobvietiwa

Nchi hii siitaji jina. Aliyewahi kupanga foleni kuchukua fomu ya kuombea fomu nyingine ataitambua, na ambaye hajawahi namwonea wivu. Mimi nilikuwa Afisa Habari Daraja la Pili katika Wizara ya Majengo na Utulivu. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwamba mambo yako sawa, na niliifanya miaka kumi na minne bila kupata karipio hata moja. Haya ninayoeleza nayaeleza kwa utii uleule.

Kwanza mfahamu kwamba lugha tunayozungumza nchini kwetu haitumiki serikalini. Tunaitumia kupendana, kutukanana, kuuza nyanya na kuzika. Mambo mazito huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza kilichovaa suti na tai. Ripoti ikiandikwa kwa maneno mepesi hurudishwa ikiwa na muhuri mwekundu: HAIJAKOMAA.

Injinia Lukindo Masenga alilijua hilo kwa uchungu. Alitumwa kukagua Soko Kuu, jengo la ghorofa tatu lililokuwa na miaka sita tangu lizinduliwe. Alibandua plasta kwenye nguzo ya tisa, iliyokuwa na ufa, akakuta nondo mbili mahali palipotakiwa nondo nane. Zege lenyewe alilikwangua kwa ukucha likamwagika kama unga wa muhogo. Chini pale, ghorofa ya kwanza, wanawake zaidi ya mia nne walikuwa wanauza dagaa, viungo, ndala na maharage.

Akaandika kwamba watu watolewe. Ripoti ikarudi na muhuri. Akaandika tena, kwa maneno marefu kidogo. Ikarudi. Mara ya tatu alikaa na kamusi siku mbili, akatoa kurasa arobaini ambazo hata yeye alizisoma kwa shida, na katika ukurasa wa mwisho akasema kwamba serikali lazima *iobvieti* hatari hiyo kabla ya masika. Kitenzi hicho nakiandika kama sisi tulivyokitamka; kwenye ripoti kiliandikwa *obviate*. Ripoti ikapokewa siku hiyohiyo.

Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Ngoda, alikuwa na desturi ya kusoma ripoti kuanzia nyuma, na akishafika ukurasa wa pili kutoka mwisho huwa amechoka. Akaitisha kikao. Nilikuwepo, nimekaa pembeni na daftari langu.

"Kuobvieti," alisema Waziri, akilitafuna neno kama mtu anayeonja mchuzi. "Katibu Mkuu, hebu fafanua, kwa faida ya wenzako."

Katibu Mkuu akakohoa. "Mheshimiwa, ni neno pana."

"Pana kiasi gani?"

"Pana sana, Mheshimiwa."

Kamusi ya Wizara ilikuwepo. Ilikuwa chini ya mguu mmoja wa meza ya Waziri, ule mfupi, na hakuna aliyethubutu kuitikisa meza ya Waziri. Kila mtu alikuwa anaangalia chupa yake ya maji kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kizibo.

"Mheshimiwa," Katibu Mkuu alisema mwishowe, jasho likimtoka, "naona mzizi wake ni obvias. Yaani wazi, bayana. Kwa hiyo kuobvieti ni kulifanya jambo liwe bayana."

Waziri akatabasamu. Waziri akishatabasamu, kwetu mjadala huwa umekwisha.

"Mbona ni jambo dogo!" alisema. "Nilidhani huyu injinia anataka tuhamishe watu. Kumbe anataka hatari ionekane. Basi ionekane!"

Wiki hiyo nguzo zote za Soko Kuu zilipakwa rangi nyekundu. Kwenye nguzo ya tisa, palepale penye ufa, tulitundika bango kubwa la Kiingereza. Maneno yake niliyaandika mimi: serikali inawatangazia wananchi kwamba hatari ya jengo hili imeobvietiwa. Bendi ya magereza ikapiga. Waziri akakata utepe uliozungushiwa nguzo, na vumbi la zege likamwangukia begani. Msaidizi akalipangusa.

"Serikali zilizotangulia zilikuwa zinaficha hatari," Waziri alihutubia. "Serikali hii imeitoa hadharani! Nani mwingine barani anawaonyesha wananchi wake hatari zao kwa kiwango hiki?"

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Sasa nieleze kuhusu Tabu Lihame. Tabu alikuwa muuza dagaa, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mnene, mcheshi, sauti yake unaisikia kabla hujaliona soko. Kizimba chake kilikuwa hatua mbili kutoka nguzo ya tisa. Kilikuwa cha mama yake tangu soko likiwa la mabati. Tangu siku ile Injinia alipobandua plasta, Tabu na wenzake walikuwa wamehamisha bidhaa zao wakawa wanauzia barabarani, chini ya miavuli, kwa sababu waliuona ufa na hawakuhitaji mtu wa kuwaambia ufa ni nini. Mgambo wa jiji waliwafukuza asubuhi, wakarudi mchana. Wakawafukuza mchana, wakarudi jioni.

Bango lilipotundikwa, wakakusanyika kulitazama. Hakuna aliyelielewa. Wakamtuma Tabu kwa dada yake.

Dada yake ni Mwalimu Sikudhani, mstaafu aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini na moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia mazungumzo yao, na alinisimulia neno kwa neno, kama mtu anayejichoma sindano.

Tabu alikuwa amelinakili bango kwenye karatasi ya kufungia dagaa, herufi moja moja.

"Dada, hebu niambie hapa wamesema nini. Wenzangu wananingoja."

Mwalimu akavaa miwani. "Wanasema hatari ya jengo imeobvietiwa."

"Ndiyo nini?"

"Kuobvieti ni kuondoa jambo baya mapema, kabla halijatokea, hata isiwepo tena haja ya kuliogopa. Kwa mfano, ukiziba shimo la njiani, umeobvieti ajali. Hukuonya watu wasianguke. Umeondoa shimo."

"Kwa hiyo wameondoa?"

"Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Tena ni tangazo la Wizara."

"Lakini ufa si bado upo, dada? Wamepaka rangi tu."

Hapo Mwalimu Sikudhani alisita. Lakini alikuwa mtu aliyeamini maisha yake yote kwamba maneno yakiandikwa rasmi yana mtu nyuma yake aliyeyapima. "Pengine wameimarisha ndani," alimjibu mdogo wake. "Wasingeweza kuandika neno hili kama hawajafanya kitu. Ni neno zito."

Tabu akarudi sokoni akawaambia wenzake. Dada msomi amesema hatari imeondolewa. Jioni hiyo wanawake mia nne na kitu wakakunja miavuli na kurudisha magunia yao ndani.

Siku kumi baadaye Mwalimu alikwenda kumtembelea. Akaona nguzo. Ufa uliokuwa wa kupitisha wembe sasa ulikuwa unaingiza vidole viwili. Hakuuliza bei ya dagaa. Aligeuka palepale akaja Wizarani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshughulikia mabango, wakamleta kwenye meza yangu.

Nilisimama alipoingia. Nilisimama kama nilivyokuwa nasimama kidato cha tano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bango lile nani kaliandika?"

Nikapanga upya karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Mmefanya nini ndani ya zile nguzo?"

"Tumeziobvieti, Mwalimu. Maana yake kwa mujibu wa Wizara ni kuweka bayana."

Akanitazama. "Neno hili nililiandika mimi ubaoni. Wewe ulikuwa umekaa dirishani, safu ya pili. Nikakupa utunge sentensi, ukatunga vizuri, nikasoma sentensi yako mbele ya darasa. Unajua maana yake."

Ndiyo. Nilikuwa naijua. Niliijua siku ya kikao, nimekaa pembeni na daftari langu, ningeweza kuisema kwa sekunde tano. Lakini Waziri alikuwa ameshatabasamu.

Kwa bahati mbaya Waziri mwenyewe akapita, akasikia sauti, akaingia. Mwalimu akamweleza kwa adabu yote, mikono ameikunja mbele, kwamba tafsiri ina kosa na watu wako chini ya jengo bovu.

"Mwalimu," Waziri alisema kwa upole, "hiyo maana yako ni ya zamani. Neno hili limeshatangazwa katika Gazeti la Serikali. Kuanzia mwezi uliopita, ndani ya mipaka ya nchi, kuobvieti ni kuweka bayana."

"Mheshimiwa, jengo halisomi gazeti."

Msaidizi wa Waziri akaandika jina la Mwalimu kwenye kijitabu.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja sokoni. Alimkuta Tabu anachambua dagaa, akamshika mkono akamvuta.

"Twende. Toka humu sasa hivi. Nilikosea."

"Wewe? Ukosee Kiingereza?"

"Sikukosea neno. Nilikosea watu. Twende, Tabu."

Tabu akaangalia kizimba, akaangalia magunia sita yaliyokuwa yamefika asubuhi ile. Mlangoni mgambo walikuwa wamesimama na amri mpya: anayetoa bidhaa nje anapoteza kizimba siku hiyohiyo, anapewa mwingine.

"Dada, hapa ni pa mama. Nikitoka leo jioni kuna mtu ameshakaa. Nipe hadi Jumapili nitafute pa kwenda. Jumapili naondoka, nakuapia."

"Jumapili ni mbali."

"Siku tatu tu! Hebu niache, wateja wanatuangalia."

Akacheka, akamwekea dada yake dagaa kwenye mfuko, wa bure.

Mvua ilianza Ijumaa. Jumamosi saa nne na nusu asubuhi, wakati soko limejaa, nguzo ya tisa ilikatika na ghorofa mbili za juu zikashuka juu ya ile ya chini. Waliokuwa mtaa wa pili walisema hawakusikia kishindo, walihisi upepo. Siku ya kwanza tuliwatoa waliokuwa wanalia. Siku ya pili tuliwatoa waliokuwa kimya. Waliokufa walikuwa sitini na watatu. Tabu alipatikana siku ya pili, adhuhuri, mkononi bado ameshika kopo lake la kupimia dagaa. Waliomtoa walishindwa kulichomoa, wakamzika nalo.

Waziri alihudhuria mazishi ya pamoja. Alitoa hotuba ndefu, akaondoka kabla ya kaburi la kwanza kufukiwa kwa sababu mvua ilikuwa inatishia viatu vyake.

Tume ya Uchunguzi ilifanya kazi kwa haraka ya kupongezwa. Ikabaini kwamba hatari ilikuwa imeobvietiwa ipasavyo, kwa rangi na kwa maandishi. Ikabaini kwamba marehemu walikuwa wamearifiwa, na kwamba kushindwa kwao kusoma Kiingereza si suala la kiuhandisi. Injinia Lukindo ikamwona na hatia ya kutabiri, kwa kuwa jengo lilikuwa zima hadi alipoandika kwamba litaanguka. Akapelekwa rumande. Taarifa kwa vyombo vya habari niliiandika mimi, na sikukosea nukta.

Baada ya arobaini ya Tabu, Mwalimu Sikudhani alirudi Wizarani. Alikuwa amekonda, kanga imempwaya. Safari hii hakuketi.

"Nipe ile ripoti ya Injinia. Yote."

Ningependa kusema nilipata ushujaa. Sikupata. Nilikuwa siwezi tu kuendelea kutazamwa na yale macho. Nikafungua kabati, nikaitoa, nikampa bila kuandika jina langu kwenye daftari la kuazima.

Nyuma ya zile kurasa arobaini kulikuwa na kiambatisho ndani ya bahasha, ambacho hakuna aliyekifungua: majengo mengine saba ya mkandarasi yuleyule, yenye nondo zilezile. La kwanza kwenye orodha lilikuwa Soko la Mashariki.

Mwalimu akakaa na ripoti siku tatu nyumbani kwake. Akaitoa kwenye Kiingereza akaiweka katika lugha yetu, na kurasa arobaini zikawa mistari mitatu. Kisha akaenda Soko la Mashariki, akaazima kipaza sauti cha muuza sumu ya panya, akasimama juu ya kreti la soda akasoma:

"Nguzo za jengo hili zina nondo mbili badala ya nane. Litaanguka kama lile la Tabu. Tokeni nje."

Basi. Hakuna aliyeinua mkono kuomba ufafanuzi. Kwa saa moja wanawake mia sita walitoka, na magunia, na mizani, na watoto mgongoni. Mgambo walipojaribu kufunga geti, akina mama wa viazi wakaling'oa geti. Muuza sumu ya panya mwenyewe ndiye aliyetoka wa mwisho, akidai kipaza sauti chake.

Mwalimu alikamatwa palepale juu ya kreti.

Hati ya mashtaka niliisoma mara mbili nikidhani nimeona vibaya. Alishtakiwa kwa kuzuia shughuli halali za soko kwa kutumia lugha inayoeleweka.

Kesi ikasikilizwa Mahakama ya Mkoa, jengo zuri la nguzo ndefu nyeupe. Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa Waziri na Katibu Mkuu, waliokuja kujionea haki ikitendeka. Nyuma walijazana akina mama wa masoko yote mawili. Mimi nilikuwa kati, nimetumwa kuandika taarifa ya ushindi. Mwalimu Sikudhani alisimama kizimbani, pingu mkono mmoja, upande wa pili wa pingu umefungwa kwenye chuma cha kizimba, kwa sababu eti ni mtu hatari.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye sauti nzuri.

"Mheshimiwa Hakimu, Soko la Mashariki limesimama! Tangu mshtakiwa alipowatoa watu ni wiki tano, na halijaanguka. Anadai alizuia maafa. Maafa gani? Yako wapi? Atuletee hapa mbele maafa aliyoyazuia, tuyaone, tuyapime!"

Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Katibu Mkuu akatikisa pia, nusu sekunde baadaye.

"Mshtakiwa una la kusema?" aliuliza Hakimu.

"Naomba kusoma ukurasa mmoja wa ripoti ya Injinia, Mheshimiwa."

"Soma. Ila kwa Kiingereza. Hii ni mahakama."

Mwalimu akavaa miwani kwa mkono mmoja. Akasoma kwa Kiingereza, polepole, kwa ile sauti ya imla, akisimama kila baada ya maneno matatu kana kwamba sisi sote tunaandika. Hakimu alikuwa anachora maua pembeni ya karatasi yake. Akasoma jengo la nne. Akasoma jengo la tano. Kisha akasoma jengo la sita: Mahakama ya Mkoa. Nguzo mbili zilizo nyuma ya kiti cha hakimu. Hatari iobvietiwe mara moja.

Hakuna aliyetafsiri. Hakuna aliyeuliza mzizi wa neno.

Hakimu aliinuka, akaacha miwani, kalamu na kiatu kimoja. Mwendesha mashtaka alimpita mlangoni kwa kumsukuma begani. Katibu Mkuu alikuwa ameshatoka, sijui alipitia wapi. Waziri aliona mlango umejaa akaenda dirishani, mlinzi wake akamnyanyua akamtoa miguu kwanza, na koti lake likabaki limenasa kwenye komeo likipepea. Askari mwenye funguo za pingu alikimbia nazo.

Mwalimu Sikudhani akabaki peke yake kizimbani, amefungwa kwenye chuma, ripoti mkononi.

Akina mama wa viazi ndio waliorudi. Hawakuwa na ufunguo, na hawakuutafuta. Walikishika kile chuma watu sita, saba, wakakipinda, wakakitoa pamoja na mbao zake, wakatoka naye nje kipande cha kizimba kikimning'inia mkononi. Na mimi nilishika upande mmoja. Nalisema hilo si kwa kujisifu, maana nilikishika mwishoni, kilipokuwa kimeshalegea.

Tulikuwa bado tumesimama uwanjani wakati malori yalipofika. Nilitazama saa: dakika arobaini tangu jengo la sita lisomwe. Yalikuja malori kumi na moja. Zikashuka nguzo za chuma za kuegemeza, wakashuka wahandisi wenye kofia za njano, na wapagazi wakaanza kutoa majalada, viti, mazulia, picha ya Rais, mashine ya kahawa. Waziri alikuwa katikati yao, bila koti, akielekeza kwa kidole, akipaza sauti kwamba hata mfagizi asiruhusiwe kuingia ndani. Alikuwa anafanya kila kitu sawasawa. Hadi saa tisa hakukuwa na kiumbe ndani ya jengo lile.

Mwalimu Sikudhani alikaa chini kwenye majani, kile chuma mapajani, akiwaangalia wakibeba. Nilichuchumaa karibu naye. Nilikuwa natafuta la kusema, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni aibu.

"Kumbe neno wanalijua," alisema. Hakuangalia upande wangu. "Mimi nilikuwa nadhani wanahitaji kufundishwa. Kumbe wakati wote walikuwa wanalijua."

Kisha akajifunika uso kwa kanga, na kwa mara ya kwanza tangu Tabu atolewe chini ya zege, nikamsikia analia.